Bati la babu: rupia, msalaba na mkanda wa Mjerumani, kipi cha kweli na wapi nimepigwa?

Kijana wa Muheza

Habari zenu wakuu,

Naomba msaada kwa wanaojua vitu vya kale vya jeshi la Mjerumani, nasema vitu vyenyewe sio zile stori za kuchimba chini ya mbuyu, hao wachimbaji nimeshakutana nao na nitawaeleza huko chini.

Iko hivi, bibi yetu alifariki mwaka jana, baada ya arobaini tukagawana vyombo, mimi nikaangukia bati la chai lililokuwa juu ya kabati miaka yote. Shangazi akasema hilo ni la baba yake babu, mzee aliyekuwa askari wa Mjerumani, alipigana Tanga, akapigana Jasini, akazunguka na jeshi mpaka Msumbiji kwa Mreno akarudi anachechemea. Mimi kwake ni kitukuu.

Ndani kuna sarafu kumi na saba, nyingi za shaba za heller, yaani senti za rupia ya Mjerumani, nyingine zina tundu katikati, tatu zimeandikwa 20 HELLER na 1916 zimekaa vibaya kama zimegongwa na mtu amelewa, halafu kuna rupia moja ya fedha yenye sura ya mzungu amevaa kofia yenye ndege juu, hiyo imechomelewa kikulabu kama cha cheni. Kuna kibati cha tai mwenye taji, maganda matatu ya risasi, na kitu kimoja kama risasi nzima nene sana kama kidole gumba.

Sasa ugonjwa ukanishika, nikaanza kununua. Dalali mmoja hapa Tanga mjini akaniuzia chuma cha mkanda kina tai na ile alama ya swastika kimeandikwa Gott mit uns, laki na themanini, akasema kimefukuliwa pale walipopigania vita ya 1914. Akaniletea na Msalaba wa Chuma elfu tisini. Sasa ana helmeti ya chuma anataka laki nne, na sarafu ya dhahabu ya tembo anataka milioni moja na nusu, anasema mtu wa Nairobi anaisubiri kwa milioni sitini.

Baba mdogo yeye anataka tumuuzie bati lote mzee mmoja wa Arusha kwa milioni mbili. Nifanyeje? Na je mtu anaanzaje kukusanya hivi vitu bila kuonekana chizi?

Pweza wa Deep Sea

Mtu wa Nairobi huyo nadhani na mimi ananisubiri, tangu 2011 😂 hajawahi kuchoka

Heller20

Mdogo wangu kaa chini nikupe darasa maana naona una vitu vizuri na umechanganya na takataka.

Chuma cha mkanda kwanza. Maneno ya Gott mit uns, yaani Mungu yu pamoja nasi, yalikuwepo kweli kwenye mikanda ya jeshi la Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani, zama za Kaisari mfalme wao, lakini katikati palikuwa na taji, sio swastika. Tai mwenye swastika aliingia kwenye mkanda wa jeshi miaka ya 1930 Hitler akiwa ameshashika nchi. Vita ya Tanga ni Novemba 1914, wakati huo Hitler mwenyewe alikuwa askari wa kawaida kwenye matope ya Ubelgiji hakuna anayemjua. Sasa mkanda wake umefikaje Tanga ukafukiwa? Laki na themanini yako imekwenda, pole.

Helmeti ndio kichekesho zaidi. Helmeti za chuma za Mjerumani zilianza kugawiwa Ulaya 1916, na huku jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, lilikuwa limefungiwa njia ya bahari na manowari za Mwingereza. Meli zilizopenya ni mbili tu, Rubens ikaingia ghuba ya Manza hapo juu ya Tanga Aprili 1915, na Marie ikaingia Sudi kule Lindi Machi 1916. Baada ya hapo walijaribu kuleta mzigo kwa puto la angani la L59 Novemba 1917 likitokea Bulgaria, lilipofika juu ya Sudani likaambiwa kwa redio lirudi, likarudi. Askari wa huku walivaa kofia ya fremu ya ukindu iliyovalishwa kitambaa cha kaki, ina kitambaa cha kufunika shingo nyuma na kibati cha tai mbele. Wazungu wao kofia za jua au za pama. Kwa hiyo mtu akikuletea helmeti ya chuma ya vita ya Tanga mwambie akaoteshee maua.

Na sasa angalia nimesema nini hapo, kibati cha tai mbele ya kofia. Kile cha kwenye bati lako kina miguu miwili au tundu nyuma za kushonea? Piga picha nyuma sio mbele. Kama ni chenyewe basi hicho kimoja kinazidi vyote ulivyonunua kwa dalali wako.

Zile 20 heller zilizokaa kama zimegongwa na mlevi, usizidharau hata kidogo! Tafuta herufi T chini ya mwaka. Hiyo T ni Tabora. Sarafu kutoka Ujerumani zilikuwa haziji tena, serikali ya Mjerumani imehamia Tabora, hela ya kulipa askari na wapagazi hakuna, wakaanza kugonga sarafu zao kwenye karakana ya reli, shaba yenyewe nyingi ya maganda ya mizinga. Ndio maana zingine njano zingine nyekundu, na uzito unatofautiana, na picha imekaa upande. Wakagonga zaidi ya milioni ya hizo za 20, kwa hiyo sio adimu kihivyo, ila kila moja ina sura yake, kuna watu wanakusanya hizo tu kwa aina za taji na mikunjo ya maua. Mimi jina langu humu mnaliona limetoka wapi.

Tembo wa dhahabu ni ndugu yao, rupia 15, 1916, T ileile, dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba. Zilipigwa kama elfu kumi na sita tu, halafu Septemba 1916 Wabelgiji wakaichukua Tabora biashara ikaisha. Orijino inauzwa maelfu ya dola kwenye minada. Sasa jiulize, mtu mwenye kitu cha maelfu ya dola kwa nini anahangaika na wewe kwa milioni moja na nusu wakati ana mteja wa milioni sitini?

Sonara wa Barabara ya 8

Kuhusu tembo msipoteze muda kubishana, nendeni kwa sonara yeyote mwenye mzani wa gramu wa dijitali. Orijino ni gramu 7.17 hivi, upana milimita 22 na kidogo. Dhahabu ni nzito jamani. Wanaotengeneza feki wanatumia shaba nyeupe au ya njano wanaipaka maji ya dhahabu, wakifanya upana sawa uzito unapungua, wakitaka uzito uwe sawa inakuwa nene kama biskuti. Nimeshaletewa kama nane dukani, zote nane za kuchekesha, moja tembo wake anafanana na nguruwe.

Rupia ya fedha pia pima, gramu 11.66 ikiwa haijalika sana, ya kwako itapungua kwa kuvaliwa au itazidi kwa kile kikulabu. Haishikwi na sumaku. Ikishikwa tupa.

Halafu Msalaba wa Chuma ni kinyume chake. Katikati pale peusi ni chuma, fremu ya nje ni fedha, vipande viwili vya fremu vimebana chuma katikati na pembeni utaona mstari wa kiungio ukitumia kioo cha kukuzia. Sumaku ISHIKE. Kama haishiki, au kama msalaba wote ni kipande kimoja cha kumimina hauna kiungio, umeuziwa mapambo. Wa vita ya kwanza una W na taji na 1914 mbele, wa pili una swastika na 1939.

Na tafadhali usisugue kitu chochote. Wateja wananiletea sarafu wameisugua kwa limao na majivu au dawa ya meno inang'aa kama sufuria ya harusi, wanadhani bei itapanda. Ile weusi na ukijani wa miaka mia ndio mnunuzi anautafuta, ukiutoa umeitoa ngozi.

Heller20

Sonara kasema kweli tupu. Nusu ya makosa yangu ya mwanzo yalikuwa kwenye kopo la brasso.

Kijana wa Muheza

Dah. Nimeangalia T ipo kwenye zote tatu!! Kibati cha tai nyuma kina vishikizo viwili vya waya kimoja kimevunjika. Sumaku nitatafuta kwenye spika mbovu ya jirani.

Afande Mstaafu

Kijana mambo ya sarafu subiri kwanza, umesema kuna kitu kama risasi nzima nene kama kidole gumba. Acha kuishika, usiigonge, usiiwekee sumaku wala kuisugua na usijaribu kuchomoa kichwa. Bila shaka ni ya ile bunduki ya Mauser ya 1871, milimita 11, kichwa cha madini ya risasi tupu na baruti nyeusi, wengi wa askari walianza vita na bunduki hizo, zilikuwa zinatoa moshi mweupe mzima, kila ukipiga adui anajua upo kichaka gani. Baruti nyeusi haizeeki kama unavyodhani. Mpigie simu polisi au mjumbe wako waje waione hapohapo ilipo, usiibebe kwenye bodaboda. Risasi hai bila kibali ni kesi hata kama ilikuwa ya babu wa babu, na mimi nimeona mtu amepoteza vidole viwili kwa kitu alichokiokota shambani akidhani ni nati.

Maganda matupu tofauti. Angalia kitako. Kama kina ukingo uliotokeza nje kama kofia na ni jembamba, hilo ni la Mwingereza, .303. Kama kitako hakijatokeza ila kina mfereji umezunguka, hilo ni la Mauser mpya ya Mjerumani, ile ya 1898. Ila msikimbilie kusema hili la Mwingereza basi kalipiga Mwingereza. Pale Tanga Waingereza na Wahindi wao walikimbilia melini wakaacha mamia ya bunduki na nusu milioni hivi ya risasi, askari wa Lettow wakazitumia hizohizo kuwapigia.

Nyuki_wa_Tanga

Na nyuki wa vita ya Tanga msiwasahau afande, tuliwauma askari wa pande zote mbili 🐝

Chilonwa Binti

Nasoma tu nimekaa kimya ila ngoja niseme.

Wewe mdogo wangu una bati. Sisi kwetu Ugogo hatuna bati. Baba yake babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo, kwanza na Mjerumani kisha Mwingereza alipofika akachukuliwa tena na huyo, mzigo kilo ishirini na tano kichwani, hajapewa kofia ya tai wala kibati, kilichorudi kwao ni habari tu. Hata kaburi hatujui liko Mahenge au Rufiji. Na nyuma huku majeshi yote mawili yalikomba mtama na ng'ombe, ikaja njaa ambayo wazee wetu wanaiita Mtunya, mimi nimekua nasikia bibi akituambia mkitupa ugali, Mtunya itarudi.

Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa na malaria, sio kwa risasi. Mnajua Kariakoo imetoka wapi, Carrier Corps, tunakwenda kununua vitenge juu ya kambi ya wale watu. Sasa nikisikia mtu anakusanya vya Mjerumani, na anatafuta vyenye swastika kabisa, kidogo roho inaniuma. Sikukatazi. Nauliza tu, unakusanya ili iweje?

Heller20

Dada hapo umenigusa na sina jibu zuri. Mimi nilianza kwa sababu ya umbea wa sarafu, nani aliigonga, kwa nini imepinda. Lakini nikuambie kitu kimoja, zile 20 heller za Tabora ndio karibu kitu pekee ambacho mpagazi naye alikishika mkononi. Medali hakupata, bunduki hakupata, heller hizo alipata, akipata. Ukizikuta zimelika mpaka taji halionekani ujue hazikukaa bank.

Msambaa Hamburg

Naandika kutoka huku kwa wenyewe, Ujerumani. Kwanza kijana huo mkanda wako wa swastika usije ukajaribu kumtumia ndugu huku kwa posta, kuonyesha au kuuza hadharani alama zile ni kosa la jinai. Kwenye magulio ya mtumba ya Jumapili utaona wazee wamepanga medali za vita ya pili mezani na kila swastika imebandikwa karatasi kama plasta ya kidonda. eBay nao wanafuta matangazo ya vitu vya Wanazi. Kwa hiyo hata ingekuwa orijino soko lake lina kona nyingi. Na huko kwetu vitu vya Hitler vimetoka wapi hasa? Wazee wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, vita ya pili walipigana na Mtaliano Ethiopia, na Mfaransa Madagaska, halafu na Mjapani Burma, Mjerumani hawakukutana naye. Walikuwepo masetla wa Kijerumani Tanganyika miaka ya 1930 waliokuwa na chama cha Kinazi, kitu kimojakimoja cha hao naweza kukubali kikatokea kwenye shamba la mkonge, lakini mkanda wa kijeshi uliofukuliwa Tanga, hapana. Hizo kopi zinatengenezwa leo na kuzeeshwa kwa asidi na udongo.

Pili kwa dada wa Chilonwa. Hapa Hamburg kitongoji cha Jenfeld kuna michongo mikubwa ya udongo wa kuchoma, ilitengenezwa zama za Hitler, mmoja askari wetu wanne wanamfuata ofisa wa kizungu, mwingine askari anaongoza wapagazi wenye mizigo. Nilikwenda na mwanangu, akaniuliza baba mbona wale wenye mizigo hawana viatu. Nikakaa nikaitazama upya, kweli.

Kuna kisa kinasimuliwa sana huku pia, sijui kimetiwa chumvi kiasi gani. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi waliamua kulipa madeni ya mishahara ya askari wa zamani, wazee wakaja Mwanza mamia, wengi hawana karatasi yoyote, mwingine ameshika kipande cha kaki tu. Mlipaji akawapa ufagio mmojammoja akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Wanasema hakuna hata mmoja aliyekosea. Kijana muulize shangazi kama mzee wenu alikwenda.

Nilipigwa Kahama

Naomba na mimi nitoe ushuhuda ili kijana usifuate nyayo. Hao wa mali za Mjerumani ulisema utawaeleza hukuwaeleza, mimi nitaeleza. Walikuja wanne na dedekta, wakanionyesha jiwe shambani lina msalaba umechongwa, wakasema ni alama ya hazina, Mjerumani alifukia rupia akikimbia. Nikatoa ya mafuta, nikatoa ya chakula, nikatoa mbuzi mweusi wa mganga maana hazina ina mlinzi. Wakachimba siku tatu usiku, wakatoa chungu kina rupia arobaini, wakasema hizi zinavuta mchele, mnunuzi yuko Dubai, lakini lazima kuzilipia vibali milioni tatu. Kumbe rupia zote zina mwaka mmoja, mkwaruzo mmoja mahali pamoja kwenye shavu la Kaisari, arobaini zote! Na lile jiwe mpima ardhi akaja kuniambia ni bikoni ya zamani ya mpaka wa shamba, na sasa wameing'oa nina kesi na jirani.

Pweza wa Deep Sea

Mbuzi aliliwa na nani

Nilipigwa Kahama

Nilikula na mimi, ndio faida pekee.

Kijana wa Muheza

Wakuu marejesho.

Afande, mjumbe alikuja na polisi wawili, wameiona, wakaweka kwenye ndoo ya mchanga wakaondoka nayo taratibu, hawakunisumbua, mmoja akaomba kupiga picha na sarafu. Maganda matatu mawili yana ukingo, moja lina mfereji.

Msalaba wa elfu tisini, sumaku haijauona kabisa, imeteleza kama juu ya sahani ya plastiki, na kiungio hakuna. Mkanda niliupeleka kwa yule dalali nikamwambia 1914 hakukuwa na swastika akanijibu wewe ulikuwepo? Sarafu ya tembo nilimwomba tuende kwa sonara tukapime, akasema simu yake inaita, hajapokea zangu tangu Jumatano.

Mzee wa Arusha amepandisha hadi milioni mbili na nusu baada ya kusikia kibati cha tai kimo, hapo ndio baba mdogo mwenyewe akashtuka akasema tusiuze. Kuna makumbusho pale boma ya zamani ya Mjerumani Tanga nitakwenda kuwaonyesha waniambie zaidi, kuwapa hapana, kwanza waone tu.

Dada wa Chilonwa swali lako nimelala nalo. Nimeanza na kitu kidogo, nimenunua daftari, kila kitu nimekipa namba na nimemkalisha shangazi aseme anachokijua, hata kama ni mstari mmoja. Habari za Mwanza na ufagio anasema hazijui, mzee alikuwa ameshafariki kabla. Lakini akasema mzee alikuwa akihesabu kuni kwa Kijerumani, ains, tsvai, drai, na watoto wakimcheka.

Tulipofika kwenye ile rupia ya kikulabu akainyanyua akaigeuza upande wa nyuma, pamelika pamekuwa laini kabisa simba haonekani. Nikamwambia shangazi hii wataalamu wanasema kikulabu kimeiharibu bei. Akaniangalia. Akasema hii haikuwa ya mzee kwenye bati, hii alivalishwa yeye akiwa mdogo ana degedege, bibi akaivua alipopona akaihifadhi humo. Akafungua kanga pembeni akaifunga kwenye pindo akaendelea kunywa chai.

Kwa hiyo daftari langu namba 4 sasa hivi nimeandika: rupia ya fedha, iko kwa shangazi.

Heller20

Iache hukohuko. Ila mwombe uipime gramu siku akiwa na hali nzuri 😀